Ukiambiwa Simu Imefunguliwa, Uliza Ni Kufuli Gani Lililofunguliwa

Mtu akienda kwenye vibanda vya simu vya barabara ya Luthuli, jijini Nairobi, na kuulizia simu iliyotumika ng'ambo, huhakikishiwa hata kabla ya kutajiwa bei kwamba simu "imefunguliwa, haina shida". Huenda muuzaji hadanganyi. Tatizo ni kwamba simu ya kisasa inaweza kuwa na makufuli manne kwa wakati mmoja, na fundi aliyeondoa moja tu anaweza kusema kwa dhamiri safi kwamba ameifungua. Mwongozo huu unahusu hasa kufuli la mtandao, kwa sababu ndilo gumu zaidi kuonekana dukani, lakini hayo mengine yatatajwa ili yasichanganywe nalo.

Kufuli la mtandao hufanya kazi hivi. Ndani ya kila laini mna namba ya utambulisho ambayo si ile unayowapa watu wakupigie. Tarakimu zake tatu za mwanzo hutaja nchi na zinazofuata hutaja kampuni. Namba ya Kenya ni 639, ndiyo maana laini za Safaricom huanza na 63902 na za Airtel 63903. Simu iliyofungwa hubeba orodha fupi ya namba za aina hiyo, na kila unapoiwasha huisoma laini na kuilinganisha na orodha yake. Laini isipokuwamo, simu huikataa, au hudai uandike namba ya siri ya kuifungulia. Simu iliyofunguliwa haina orodha hiyo, au orodha imefutwa, kwa hiyo hupokea laini ya kampuni yoyote.

Anayeagiza kufuli hili ni kampuni ya mtandao iliyoiuza simu. Nchini Marekani, AT&T, T-Mobile na Verizon huwauzia wateja simu za bei kubwa kwa malipo ya kila mwezi, na kufuli ndilo linalomzuia mteja kuhamia kwa mshindani kabla deni halijaisha. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wa simu zilizofungwa mwaka 2017, na kampuni za mtandao za Uingereza zikakatazwa kuanzia Desemba 2021. Kwa hiyo simu iliyouzwa Uingereza baada ya hapo haitarajiwi kukusumbua kwa upande huu, mradi kweli ilitoka huko, maana wauzaji wetu hubandika jina la "ex-UK" kwenye simu nyingi zisizowahi kuiona London. Zile za Marekani zinahitaji kukaguliwa moja moja.

Ukienda kununua, beba laini mbili za kampuni tofauti, zote zikiwa na salio. Usiridhike kuonyeshwa WhatsApp ikifanya kazi kwa Wi-Fi ya dukani, kwa kuwa simu iliyofungwa hupiga picha, hucheza video na kutuma ujumbe kwa Wi-Fi kama kawaida; kinachokosekana ni mtandao wa laini. Weka laini ya kwanza, piga simu, zima Wi-Fi ufungue ukurasa wowote, kisha piga *334# ikiwa ni ya Safaricom: menyu ya M-Pesa ikifunguka, laini imekubaliwa. Rudia kwa laini ya pili, na simu ikiwa ya laini mbili jaribu nafasi zote mbili. Kwenye iPhone, fungua "Settings", kisha "General", kisha "About", utafute mstari wa "Carrier Lock". Pakiandikwa "No SIM restrictions", simu haina kufuli la mtandao.

Halafu chomoa kisahani cha laini na uigeuze laini yako uangalie upande wenye madini ya dhahabu. Ukiona kipande kingine chembamba kama ganda la kitunguu kimebandikwa hapo, hicho ni kile ambacho mafundi hukiita R-SIM, nacho kazi yake ni kukaa katikati ya laini na simu ili kuidanganya simu kwamba laini ni ya kampuni inayoijua. Simu yangu ya kwanza kutoka Marekani ilikuwa na kipande hicho, nami sikukijua hadi asubuhi moja nilipoamka baada ya kusasisha programu usiku, nikaikuta haina mtandao kabisa. Muuzaji aliniambia nisingesasisha. Simu ya namna hiyo haijafunguliwa, na bei yake inapaswa kuwa ya simu iliyofungwa.

Sasa yale makufuli mengine. La kwanza ni la skrini, ambalo kila mtu analijua. La pili ni la akaunti: iPhone iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa zamani, au simu ya Android ambayo baada ya kufutwa kila kitu huidai akaunti ya Google iliyokuwamo. Mwombe muuzaji aifute simu mbele yako na kuiwasha upya hadi mwisho, akisitasita, ondoka. La tatu ni la deni, ambalo hapa Kenya limeenea tangu mipango kama Lipa Mdogo Mdogo ilipoanza mwaka 2020, ambapo mteja hulipa kidogo kidogo na simu hujifunga akikawia. Simu hiyo hupokea laini vizuri leo, ikajifunga mwezi ujao kwa sababu aliyekuuzia hakumaliza kulipa.

Ikiwa tayari unayo simu iliyofungwa kwenye mtandao, mwenye uwezo wa kuifungua ipasavyo ni kampuni ile iliyoiuza kwanza. Piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe yenye tarakimu 15, kisha ndugu yako aliyeinunua huko aombe ifunguliwe kwa namba hiyo; kwa kawaida watataka deni liwe limelipwa na simu isiwe imeripotiwa kuibwa. Kwa iPhone hutapewa namba ya siri, kwani kufuli huondolewa kwenye kumbukumbu za Apple. Kwa simu zinazodai namba ya siri, usibahatishe: majaribio yana kikomo, na ukikipita simu inaweza kukataa hata namba sahihi.

Jambo moja husahauliwa. Simu isiyo na kufuli lolote bado inaweza kuwa haijaundiwa masafa yanayotumika hapa, kwa mfano yale ya megahezi 800 yanayobeba 4G, hivyo linganisha namba ya modeli na masafa yake kabla ya kulipa. Nazo iPhone za Marekani kuanzia iPhone 14 hazina kisahani cha laini kabisa, hutumia eSIM pekee, yaani laini isiyo na kadi ambayo huwekwa ndani ya simu kwa programu. Zile laini zako mbili za plastiki hazitakufaa hapo, kwa hiyo panga na muuzaji mwende pamoja hadi duka la kampuni yako ya simu, mkaijaribu kwa eSIM kabla pesa hazijatoka.