SOMO: Kurasa za albamu ya kidijitali kwa mtoto wa kiume, hatua kwa hatua

Mbukwenyi wanajamvi. Kila wiki naulizwa jambo lilelile: "Dada, nimtengenezeeje mwanangu wa kiume ukurasa usiokaa kike?" Nimejibu kwa ujumbe, kwa simu, hata nikiwa nimebeba nyanya pale soko la Majengo, hapa Dodoma. Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Msimamo wangu ni huu: ukurasa wa mtoto wa kiume unaanzia kwenye kile anachokishika mkononi. Tukikosa wazo tunakimbilia bluu, gari la katuni na neno "Shujaa", kisha albamu ya mtoto wa Nkuhungu inafanana na ya mtoto yeyote duniani. Mwangalie kwanza mwanao anafanya nini akitoka shule.

1. Chagua kisa kimoja. Siku aliyomaliza gari lake la waya ni kisa. "Baraka ana miaka 8" si kisa.

2. Fungua ukurasa kwa ukubwa wa mwisho, ule utakaochapwa. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure na haili bando ukishaipakua. A4 ni pikseli (vinukta vinavyounda picha) 2480 kwa 3508. Mraba wa inchi 12 ni 3600 kwa 3600. Zote ni pikseli 300 kwa inchi.

3. Picha. Hapa naomba tusiende haraka.

Mpwa wangu alipomaliza darasa la saba nilimtengenezea albamu ya kurasa 20. Picha niliwaomba ndugu, wakanirushia kwa WhatsApp. Kwenye laptop zilikuwa safi kabisa. Moja niliipenda kuliko zote: amechuchumaa chini ya mbuyu, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, anakata matairi ya gari lake kwenye kandambili kuukuu. Nikaitandaza ukurasa mzima wa A4 uliolala. Ilikuwa na pikseli 1280 kwa 960. Gawa 1280 kwa inchi 11.7 za ukurasa huo, unapata 109 tu kwa kila inchi. Albamu ilipotoka kuchapwa, kope hazikuwepo. Waya aliouhangaikia siku tatu ulikuwa mstari wa ukungu. Dada yangu alishukuru, lakini nilimwona akisogeza ukurasa karibu na macho, kisha mbali, akiutafuta uso wa mwanawe. Ile picha halisi ilikuwa imeshafutwa kwenye simu iliyoipiga. Hakuna wa kuirudisha.

Kwa hiyo:
- Picha itumwe kama dokumenti, au uichukue kwa waya au flashi ya USB. Ukituma kama picha ya kawaida, WhatsApp inaibana.
- Kabla ya kupachika, angalia pikseli zake na ugawe kwa 300. Jibu ni inchi unazoruhusiwa. Ile yangu ilistahili inchi 4 na robo.
- Picha ndogo unayoipenda iache ndogo, izungushie nafasi tupu. Ukiikuza, programu inabuni pikseli za kujazia. Kope hairudishi.
- Uso usikae kwenye mshono. Acha walau sentimita 2 upande wa kujalidi, na pande za kukatwa ongeza milimita 3 za ziada.

4. Rangi. Chukua kifyonza rangi (color picker) cha GIMP, kiguse kwenye picha yenyewe: wekundu wa udongo, kijivu cha majabali, rangi ya kaptura yake. Rangi tatu zinatosha. Usiongeze mwanga mpaka ngozi ya mtoto igeuke majivu, nimeona kurasa nyingi zikiharibikia hapo. Picha nzuri hutoka kivulini. Jua letu la saa sita linachimba mashimo machoni.

5. Mandhari na mapambo. Usinunue. Piga picha bati lenye kutu, kiroba, daftari la hesabu lenye vimraba, gome la mbuyu. Kipande cha waya kiweke juu ya karatasi nyeupe, kipige, ukikate pembeni, ukihifadhi kwa PNG. JPEG haishiki uwazi, itakurudishia kiraka cheupe. Vivuli vyote vielekee upande mmoja, kama jua ni moja.

6. Maandishi. Muulize mtoto, andika maneno yake kama alivyoyasema. Fonti mbili, basi.

7. Hifadhi faili la XCF, la GIMP yenyewe, lenye matabaka (layers) yote, ndipo utoe PDF ya kuchapa.

MASWALI

Kijana wa Makole: Somo zuri mkuu. Naomba templeti inbox.

Mwandishi: Soma hatua ya 5: usinunue, piga picha mwenyewe.

Mama Wawili: Mbona zangu zinatoka na ukungu? Nimefuata hatua zote.

Mwandishi: Picha ulizipata wapi?

Mama Wawili: Kwenye grupu la shule, WhatsApp.

Mwandishi: Basi hatua ya 3 hukuifuata, mama. Mwombe mwalimu azitume kama dokumenti leo, kabla hajasafisha simu yake.

Fundi wa Area C: Unawachosha watu na hesabu. Mimi nachapa picha za WhatsApp kila siku na wateja wanafurahi.

Mwandishi: Kwa saizi ya kiganja zinatoka vizuri, na hesabu yangu ndivyo inavyosema. Nazungumzia ukurasa mzima. Hizo namba sitaziondoa, nimeshamwona mama akitafuta uso wa mwanawe.

Baba Neema: Dada, shikamoo. Kijana wangu mpira haujui. Kila Jumamosi anakwenda Mvumi kwa babu yake kujifunza zeze. Picha ninayo moja tu, kavaa sare ya shule. Nianzie wapi?

Mwandishi: Marahaba, baba. Una ukurasa mzuri kuliko wetu wote hapa. Jumamosi hii nenda naye. Usiwapange wakuangalie. Piga vidole vyake kwenye nyuzi kwa karibu sana, mpaka kucha zionekane. Piga mkono wa babu ukishika upinde. Piga kibuyu kikiwa peke yake, kimelala juu ya mkeka. Ukiunda ukurasa, shingo ya zeze ikatize kutoka kona ya chini kushoto kwenda juu kulia, mikono miwili ikae pande zote mbili, wa babu juu, wa mjukuu chini. Rangi zitoe kwenye kibuyu. Na umrekodi babu akitaja majina ya sehemu za zeze kwa Kigogo, kisha uyaandike pembeni ya kila sehemu. Muulize yeye yaandikwe vipi, usikisie. Picha ya sare usiitupe, ila ukiweka ukurasa mtandaoni funika beji ya shule. Mtu asiyemjua asijue mtoto yuko wapi kila asubuhi.

Baba Neema: Nimeandika yote. Nitaazima simu ya shemeji, yangu kamera ina mkwaruzo.

Mwandishi: Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi kabla ya kila picha. Vumbi la njiani linaingia hadi mfukoni.

Binti wa Kisasa: Karatasi gani ichapwe?

Mwandishi: Ya gramu 200 kwa mita ya mraba, isiyong'aa. Inayong'aa inashika alama za vidole, na watoto wataishika. Chapisha ukurasa mmoja wa majaribio kwanza, uutazame nje mchana, siyo chini ya taa ya dukani.

Kijana wa Makole: Samahani kwa ile ya mwanzo. Nimepiga gome la mbuyu hapa jirani, lakini limetoka bapa kama ukuta. Nimekosea nini?

Mwandishi: Hujakosea sana, umepiga mchana. Rudi saa kumi na moja jioni. Simama jua likiwa ubavuni mwako, zima flashi, sogea mpaka gome lijaze fremu yote. Mikunjo itainuka. Ukipata nzuri niletee hapa, na uniambie mwanao anachezea nini.

Kijana wa Makole: Ni mdogo wangu. Anafuga njiwa.

Mwandishi: Achana na gome. Okota manyoya yaliyodondoka, yalaze juu ya karatasi nyeusi.