SOMO: Kupika kahawa kwa saifoni ya stima nyumbani, kuanzia boksi hadi kuosha

Naandika hili mara moja ili nisirudie tena. Ujumbe ninaopata ni uleule: maji hayapandi, kahawa imekwama juu, mbona ni chungu, mbona haina ladha. Kuanzia leo nitawaelekeza hapa. Soma hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Ninayozungumzia ni saifoni ya stima: mtungi wa chini wa maji, bakuli la juu la kahawa lenye bomba refu linaloshuka ndani ya mtungi, kichujio kinachokaa mdomoni mwa bomba, na kitako chenye koili. Maji yanapanda yenyewe, yanakutana na kahawa juu, kisha ukizima moto yanashuka yakiwa kahawa tayari. Teknolojia hii haikuja juzi. Huko Ujerumani na Ufaransa ilikuwapo tangu miaka ya 1830 na 1840, na Marekani walikuwa na za stima kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mimi niko Nakuru, kwa hiyo vipimo vyangu ni vya hapa. Hilo lina maana kubwa, utaona kwenye hatua ya 7.

1. Volti. Geuza kitako usome. Inatakiwa iandikwe 220–240V. Ikiwa ni 110 au 120V, usiichomeke ukutani.

2. Osha kila kitu kwa maji moto na sabuni kidogo, isipokuwa kichujio cha kitambaa.

3. Kichujio. Kitambaa kipya kichemshe dakika kumi kwenye sufuria ya maji matupu, la sivyo kahawa yako ya kwanza itanukia duka la nguo. Kifunge vizuri kwenye kisahani chake, ushushe mnyororo ndani ya bomba, uvute kindoano kishike ukingo wa bomba kwa chini. Usikate ule mnyororo wenye shanga kwa kudhani ni pambo. Mapovu yanaanzia pale polepole, na bila huo maji yanaweza kuruka kwa kishindo.

4. Maji. Jaza hadi alama. Ukiwa na haraka tumia ya thamosi. Futa mtungi nje ukauke kabisa kabla ya kuuweka juu ya koili, kwa sababu glasi yenye matone nje hupasuka. Usiwashe kamwe mtungi ukiwa mtupu.

5. Kahawa. Gramu 60 kwa lita moja, yaani gramu 30 kwa nusu lita. Bila mizani, ni vijiko sita vya mezani vilivyosawazishwa. Chembe ziwe kama sukari ya dukani. Kahawa ya unga laini kama ile inayouzwa ya kuchemsha kwenye sufuria itaziba kichujio.

6. Mpira. Hapa ndipo lawama zote za "mashine mbovu" zinatoka, na karibu kila mara mashine ni nzima. Mpira uliozunguka shingo ya bakuli la juu ndio unaofanya chombo hiki kiwe saifoni. Ukiacha mwanya mdogo kama unywele, mvuke unatorokea hapo badala ya kusukuma maji, nawe utakaa unatazama maji yakichemka chini bila kupanda. Mwanya uleule ukifunguka baadaye, wakati wa kushuka, hewa inaingia kupitia pembeni na kahawa inabaki juu ikizidi kuwa chungu. Fanya hivi kila siku, hata kama jana ulifanya: pitisha kidole kwenye mdomo wa mtungi na kwenye mpira wenyewe, utoe chembe za kahawa zilizoganda. Lowesha mpira kwa maji. Shika bakuli kwenye shingo, si juu kwenye ukingo, ulishushe wima, kisha ulikandamize huku ukilizungusha kidogo hadi usikie limeshika. Sasa inua bakuli taratibu: mtungi ukifuata, umefunga vizuri. Ukiachana nalo, rudia.

Tahadhari. Usipake mpira mafuta ya kupikia wala ya kujipaka. Mpira wa kawaida unavimba na kulainika, na kahawa inapata harufu. Usiegemeze uzito wako wote, maana shemeji yangu alivunja bomba la glasi kwa njia hiyo na kipande kikamkata kiganja. Mpira ukianza kuwa mgumu na kuonyesha nyufa ukiukunja, tafuta mwingine. Gundi haisaidii, na kuuzungushia mfuko wa plastiki ni hatari kwa sababu unayeyuka.

7. Washa na uhesabu muda. Maji yatapanda, na kiasi kidogo kitabaki chini kwa sababu bomba haligusi sakafu ya mtungi. Ni sawa, hayo yanalinda glasi. Koroga mara moja kwa kijiko cha mbao ili unga wote ulowe. Usitumie cha chuma.

Miongozo mingi inasema uache maji na kahawa juu sekunde 45 hadi 60. Imeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kisumu, karibu mita 1,130, ni kama 96. Eldoret ni 93. Maji yenye joto pungufu yanatoa ladha polepole, ndiyo maana ukifuata muda wa vitabu unapata kahawa nyepesi yenye uchachu. Mimi huacha dakika moja na nusu. Wa Kisumu wajaribu dakika moja na robo.

Watu wengi hukimbilia kusaga laini zaidi badala ya kuongeza muda. Usifanye hivyo huku kwetu. Kinachosukuma kahawa kupita kwenye kichujio ikishuka ni mgandamizo wa hewa ya nje, na Nakuru mgandamizo huo ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Unga laini ukiziba, hakuna nguvu ya ziada ya kuupitisha. Ongeza muda, acha unga ulivyo.

Saifoni zinazojizima zenyewe hazikupi nafasi ya kuchagua muda. Kwa hizo koroga vizuri mapema na utumie kahawa iliyosagwa siku hiyohiyo.

8. Zima usubiri. Kahawa inashuka kwa sekunde 30 hadi dakika moja. Mapovu mengi mwishoni ni hewa ikipita, maana yake imekwisha. Unga ukibaki umejiinua katikati kama kichuguu, umefanya vizuri.

9. Toa bakuli kwa kulilaza kidogo upande mmoja ili hewa iingie, ndipo uvute. Usilivute wima kwa nguvu: mtungi una ombwe ndani (nafasi isiyo na hewa) na kahawa moto, utakumwagikia.

10. Osha. Kitambaa kwa maji matupu, bila sabuni, kisha kiweke ndani ya gilasi ya maji kwenye friji. Kikikauka na mafuta ya kahawa kinavunda.

MASWALI

Omwami wa Kakamega: Asante kwa somo. Mjomba alirudi kutoka Marekani na saifoni ya zamani, Sunbeam Coffeemaster, ya chuma inayong'aa. Imeandikwa 120V. Fundi wa mtaa anasema nibadilishe plagi tu. Ni kweli?

Jibu: Si kweli, na umefanya vyema kuuliza kwanza. Volti zikiwa mara mbili kwenye koili ileile, nguvu inakuwa mara nne. Koili ya wati 1,000 itajaribu kutoa wati 4,000, nayo itaungua. Unahitaji transfoma ya kushusha 240 hadi 120, yenye uwezo unaozidi wati za mashine. Kwa wati 1,000 tafuta ya 1,500. Tofauti ya mzunguko wa stima, hetsi 50 hapa na 60 Marekani, haisumbui koili. Lakini mashine za umri huo nyingi zina waya wa kitambaa uliokauka na hazina waya wa ardhi, na mwili wake ni chuma. Mpe fundi aliyesomea stima aupime na kubadilisha waya mzima kabla hujaishika ikiwa imewaka.

Kijana wa Section 58, Nakuru: Maji hayapandi.

Jibu: Hatua ya 6.

Kijana wa Section 58: Nimesoma lakini bado.

Jibu: Umelowesha mpira? Umeinua bakuli kuona kama mtungi unafuata?

Kijana wa Section 58: Bado.

Jibu: Fanya hayo mawili, halafu urudi.

Mama Twins: Naweza kuweka maziwa na majani chini ili nitengeneze chai ya kawaida?

Jibu: Hapana. Maziwa yataungua kwenye glasi, yatafura, na yataziba bomba mvuke ukiwa ndani. Chini ni maji peke yake. Majani ya chai unaweza kuyaweka juu badala ya kahawa, upate chai ya rangi. Maziwa chemsha kando.

Mwalimu wa Fizikia, Vihiga: Nataka kuwaonyesha wanafunzi wa Kidato cha Pili. Kwa nini maji yanapanda kabla hayajachemka vizuri? Na kwa nini yanabaki juu moto ukiwa bado unawaka?

Jibu: Mwalimu, swali hili limenifurahisha. Kwanza hewa iliyofungiwa juu ya maji inapanuka ikipata joto, na mvuke unaongezeka hata kabla ya kuchemka. Njia pekee ya kutokea ni bomba, na mdomo wake umezama ndani ya maji, basi maji ndiyo yanayosukumwa. Yakishapanda, maji machache yaliyobaki chini yanaendelea kutoa mvuke, na mgandamizo huo ndio unaoshikilia yale ya juu yasirudi. Maji yakigeuka mvuke yanachukua nafasi zaidi ya mara 1,600, kwa hiyo kidogo tu kinatosha. Ukizima, mvuke unarudi kuwa maji, nafasi inabaki karibu tupu, na hewa ya darasani inasukuma kahawa chini. Waambie wanafunzi waseme "inasukumwa", si "inavutwa". Ukitaka waone vizuri zaidi, funika mtungi wa chini kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu baada ya kuzima: kahawa inashuka haraka mbele ya macho yao. Usitumie maji baridi, glasi itapasuka.

Nyar Kisumu: Huku Milimani stima hupotea mvua ikianza tu. Ikipotea kahawa ikiwa juu nifanye nini?

Jibu: Itashuka yenyewe, hiyo ni sawa na kuzima. Kitu cha kwanza, chomoa plagi. Stima ikirudi wakati hujachomoa, kahawa itapanda tena kwenye unga uleule na itakuwa chungu kabisa. Kama ilikuwa imekaa juu nusu dakika, inywe, itakuwa nyepesi. Na maji ya bomba huko yakinuka klorini, yaache usiku kucha kwenye jagi lisilofunikwa.

Mkulima wa Njoro: Maji yangu ni ya kisima kirefu. Kahawa inatoka kama imepooza, haina ule uchachu wa matunda ninaoupata mjini. Nimebadilisha kahawa, haijasaidia.

Jibu: Ndugu, naamini tatizo ni maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina baikaboneti nyingi, aina ya chumvi ya majini, nayo inazima asidi za kahawa, ambazo ndizo ladha yenyewe kwa kahawa ya Kenya. Jaribu mara moja kwa maji safi ya mvua, yachemshe kwanza, halafu linganisha. Na kuna jambo kubwa kuliko kahawa: eneo letu linajulikana kwa maji yenye madini ya floridi, iliyowaharibia watu wengi meno. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua. Peleka maji yapimwe. Vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi kubwa kuvieneza, vinaipunguza sana.

Mtu wa Kweli: Haya yote ya nini? Sufuria na chujio vinatosha. Hizi ni mbwembwe za wenye pesa.

Jibu: Sufuria ni halali kabisa, na sijamwambia mtu aache yake. Kwenye sufuria unga unaendelea kuchemka hadi uchungu, na vumbi linabaki kikombeni. Hapa maji yanakutana na unga kwa muda ninaouchagua na kikombe kinatoka safi. Kuhusu gharama, nusu lita inakula kama sehemu ya kumi ya uniti moja ya stima. Kahawa yetu nzuri inasafirishwa nje kila mwaka, wanaoilima wakinywa chai. Sioni ubaya mtu wa Nakuru kuionja ikiwa imepikwa vizuri.

Mzee wa Kimilili: Mwanangu, hilo la mwisho ni kweli. Nina miti ya kahawa chini ya Mlima Elgon, aina mbili, SL28 ya zamani na Ruiru 11, na sijawahi kunywa yangu mwenyewe. Binti yangu ameniletea hiyo saifoni. Naweza kukaanga nyumbani?

Jibu: Mzee wangu, unaweza, na nitafurahi ukinipa habari. Anza na kidogo, gramu 200. Kahawa iwe imekauka vizuri na limetolewa lile ganda gumu la nje. Twanga polepole kwenye kinu kisha pepeta. Tumia sufuria nzito, moto wa wastani, nje ya nyumba kwa sababu ya moshi. Koroga bila kupumzika. Itakuwa ya manjano, kisha kahawia, na kati ya dakika ya 8 na ya 12 utasikia ikipasuka kwa mlio. Mlio ukianza kupungua, subiri kama dakika moja, uipue hapohapo. Ikianza kung'aa mafuta umepita. Mwaga kwenye ungo, pepeta haraka ipoe na maganda yaruke. Itapungua uzito kama asilimia 15.

Usiipike siku hiyo. Ina gesi nyingi bado, itafura kwenye bakuli la juu na kumwagika. Iache siku tatu au nne kwenye kopo ambalo halijakazwa sana.

Mzee wa Kimilili: Nianze na ipi kati ya hizo mbili?

Jibu: SL28. Lakini zikaange kila moja peke yake, usizichanganye, maana punje zisipolingana ukubwa, ndogo zitaungua kwanza. Andika tarehe kwenye kopo.

Kijana wa Section 58: Imepanda! Kulikuwa na chembe za kahawa kwenye mpira.

Jibu: Vizuri sana. Sasa hesabu dakika moja na nusu.