Somo: Namna ya kusoma matokeo ya mtoto kabla hujamnunia

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Jirani yangu mmoja hapa Nkuhungu, Dodoma, alimnunia kijana wake siku mbili nzima baada ya matokeo ya kidato cha nne kutoka. "Pointi kumi na mbili! Miaka minne ya ada, pointi kumi na mbili!" Nilipopita kumsalimia nikamkuta bado amevimba. Nikamwambia: mzee, pointi kumi na mbili ni divisheni wani, daraja la juu kabisa. Kijana ana A mbili na B tano. Sekondari pointi husomwa kinyume, zikipungua ndiyo furaha. Akanyamaza, kisha akauliza kama nina uhakika. Jioni ile kuku alichinjwa.

Simlaumu. Nimefundisha shule za msingi miaka mingi, ya mwishoni nikiwa mwalimu wa taaluma, na ninajua tunavyowakabidhi wazazi ile karatasi: herufi, namba, muhuri, kwaheri. Toa ripoti ya mtoto kabatini, shika kalamu, twende.

Hatua ya 1: Uliza nani katunga mtihani

Karatasi inaweza kuwa ya mtihani wa muhula wa shule yenyewe, wa ujirani mwema kati ya shule jirani, wa moko (mtihani wa majaribio) ya wilaya au mkoa, au ya Baraza la Mitihani, NECTA. Hii ya mwisho ndiyo inayofanywa na nchi nzima kwa maswali yale yale: upimaji wa darasa la nne na kidato cha pili, na mitihani ya kumaliza darasa la saba, kidato cha nne na cha sita. Kulinganisha alama 230 za ujirani mwema na 230 za NECTA ni kama kulinganisha debe lililopita kwenye mizani pale soko la Kibaigwa na debe lililobonyezwa kitako. Yote yanaitwa debe.

Hatua ya 2: Jua kipimo

Darasa la saba ni masomo 6, kila somo alama 50, jumla 300. Kwa somo moja: A ni 41 hadi 50, B 31 hadi 40, C 21 hadi 30, D 11 hadi 20, E ni 10 kushuka chini. Kwa jumla: A inaanzia 241, B 181, C 121, D 61. Aliyefaulu ni wa A hadi C, kwa hiyo mstari uko kwenye 121. Kwenye upimaji wa darasa la nne D nayo huhesabiwa ufaulu, ndiyo maana asilimia za ufaulu za madarasa haya mawili hazilingani hata kidogo. Na kama mtoto mkubwa alimaliza kabla ya 2021, yeye alipimwa kwa masomo 5, jumla 250. Msimsimange mdogo kwa alama za kaka yake.

Kidato cha nne huchukuliwa masomo 7 aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Divisheni wani ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33. Zikifika 34 au 35 ni ziro.

Hatua ya 3: Fungua herufi

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wazazi wengi wanapopotea. Tovuti ya NECTA haikuonyeshi kwamba mtoto wa darasa la saba alipata 27 au 22. Inakuonyesha C. Herufi ni gunia lililofungwa, na ndani yake kuna alama kumi tofauti.

Chukua mtoto mwenye C nne, D moja na B moja. Andika alama ya chini kabisa ya kila herufi: 21 mara nne ni 84, ongeza 11 ya D na 31 ya B, unapata 126. Sasa andika za juu kabisa: 30 mara nne ni 120, ongeza 20 na 40, unapata 180. Kwa hiyo mtoto huyu yuko mahali fulani kati ya 126 na 180. Wawili wenye herufi zilezile kabisa wanaweza kupishana alama 54! Mmoja ameponea chupuchupu kufeli, mwingine amekosa B kwa alama moja. Mmoja anahitaji kuanza upya, mwingine anahitaji mazoezi kidogo tu, na wote wawili nyumbani wanaambiwa "umepata C".

Sekondari ni vilevile. Mtoto mwenye C mbili na D tano ana pointi 26, divisheni ya nne. D moja ingegeuka C angekuwa na 25, divisheni ya tatu. Mtaani hao wawili husemwa kama watu wa dunia mbili.

Basi nenda shuleni ukaombe alama za mitihani ya ndani kwa kila somo, siyo herufi. Mwalimu wa taaluma anazo. Akikwambia daftari limefungiwa ofisini, mwambie utasubiri.

Hatua ya 4: Weka wastani wa darasa pembeni ya alama

Mtoto kaleta Kiswahili 36 na Hisabati 29. Wazazi wengi wanakimbilia kutafuta tuisheni ya Hisabati. Sasa uliza wastani wa darasa. Ukiambiwa Kiswahili wastani ni 40 na Hisabati ni 17, picha inageuka: kwenye Hisabati kawaacha wenzake mbali, kwenye Kiswahili yuko nyuma yao. Mtihani mmoja ulikuwa mgumu, mwingine mwepesi.

Nafasi ya ngapi? Isome, lakini usilale nayo. Anaweza kutoka nafasi ya 9 hadi ya 15 huku alama zake zimepanda, kwa sababu wenzake wamepanda zaidi au wamehamia watoto wapya.

Hatua ya 5: Wastani wa shule, kwa tahadhari

Tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022, NECTA imeacha kutangaza shule kumi bora, na mimi sikulia. Lakini wastani wa shule bado tunaupigia hesabu mitaani, basi angalau tuangalie na idadi ya watahiniwa. Shule ya msingi ya watahiniwa 12, mmoja akipata 60 badala ya 240, wastani wa shule nzima unashuka alama 15. Shule ya mjini yenye watahiniwa 180, kosa lilelile linashusha alama 1. Kwa shule ndogo angalia miaka mitatu, usiangalie mmoja.

Maswali

Mama wa Ipagala: Mwalimu shikamoo. Binti yangu moko ya mkoa alipata 214, NECTA kapata C. Kuna mchezo hapa?

Marahaba mama. 214 ni B, na C haivuki 180, kwa hiyo kapoteza alama 34 au zaidi. Kabla ya kuwaza mchezo, weka herufi za moko na za NECTA pamoja, somo kwa somo. Likianguka somo moja vibaya sana, huenda aliruka mstari kwenye fomu ya majibu au aliishiwa muda. Yakianguka yote kidogo kidogo, moko ilikuwa nyepesi au walipewa maswali waliyokwishayazoea.

Mzazi wa Bahi: Shule ya kijijini kwetu wastani 142, ile ya binafsi mjini 251. Nihamishe?

Kwanza uliza kama hiyo ya mjini inawachuja watoto kwa usaili. Ukipokea wenye A tu, kutoa A si muujiza. Kisha uliza mtoto wako ana ngapi hapo alipo. Mwenye 200 kwenye shule ya wastani wa 142 hajakwama.

Mama pacha, Chamwino: Mabinti zangu wote wastani A. Mmoja kapangiwa Msalato, mwingine sekondari ya kata. Mbona herufi ni moja?

Rudi hatua ya 3, mama. A ni kuanzia 241 hadi 300, wanaweza kupishana hata alama 59. Msalato ni shule ya vipaji maalumu, nafasi zake chache, na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia watoto shule, wakipanga wanaziona alama zenyewe. Huyo wa kata usimwite wa pili nyumbani.

Baba wa mtaa wa Kikuyu, Dodoma: Kijana msingi alikuwa anapata 35 Sayansi, ni B. Kidato cha kwanza Baiolojia kapata 35 hiyohiyo, wameandika D. Kaharibika?

Ile ilikuwa 35 kati ya 50, hii ni kati ya 100. Kwa hiyo kweli kashuka, hilo nisikufiche. Ila kama msingi alisoma kwa Kiswahili, sasa kila swali linamjia kwa Kiingereza. Mfanyie hivi: chukua swali alilokosa, muulize kwa Kiswahili. Akijibu, tatizo ni lugha, na dawa yake ni kamusi na kusoma kila siku. Asipojibu, mrudishe kwenye somo lenyewe.

Mzazi wa Mpwapwa: Mimi wameandika ABS.

Maana yake kumbukumbu zinasema hakufanya mtihani. Kama alifanya, nenda kesho kwa mwalimu mkuu na namba yake ya mtahiniwa, shule ndiyo iwasiliane na Baraza. Usisubiri shule zifunguliwe.

Jirani: Mwalimu, nimejiona huko juu. Haikuwa siku mbili, ilikuwa siku moja na nusu.

Na yule kuku, jirani, ulisema umenitunzia paja.