Umehama? Hamisha na kura yako

Mkenya mwenzangu uliyehama tangu uchaguzi wa 2022, jina lako bado liko kwenye kituo cha kule ulikotoka. Siku ya kura karani hawezi kukuhamisha, na nauli ya kwenda mashambani na kurudi imewanyima watu wengi kura. Inauma, maana dawa yake ipo.

Nenda afisi ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ya eneobunge unaloishi sasa, ubebe kitambulisho chenyewe cha kitaifa (si nakala) au pasipoti ambayo haijaisha muda, ujaze fomu ya kuhamisha kituo. Sheria inataka ufanye hivyo angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, na uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Tafadhali usijiandikishe upya kana kwamba ni mara ya kwanza. Kujisajili mara mbili ni kosa la jinai. Kama hujahama na uliandikishwa 2012 au baadaye, huna haja ya kuanza upya.

Una kijana nyumbani aliyefikisha miaka 18? Mhimize afuatilie kitambulisho mapema, kwa sababu ile karatasi ya kusubiria haikubaliki. Akishakipata, ataandikishwa kwa picha na alama za vidole.

Halafu kumbuka hati uliyojiandikishia: ndiyo utakayoenda nayo kituoni. Daftari la wapigakura likifunguliwa kwa ukaguzi, hakikisha jina, nambari na kituo ni sahihi, urekebishiwe kabla halijafungwa.