Jinsi ya kuomba tiketi ya msimu ya basketi pale Duke kama unasoma masta au PhD (saa 36 za hema, alafu bahati nasibu)

Wadogo zangu mnaokuja Durham, North Carolina, kuanza masta au PhD pale Duke, hii nawaandikia nyie. Kila Agosti mtu akishatua na mabegi yake, akapata chumba, akafungua akaunti benki, swali linalofuata ni hilohilo, eti tiketi za basketi zinapatikanaje, na mara nyingi anajibiwa juujuu tu "utaona imeli", basi anakaa kusubiri imeli, Septemba inapita, na msimu mzima anaangalia mechi kwenye laptop wakati uwanja uko mwendo wa dakika chache kutoka maktaba anakosomea. Inauma sana. Kwahiyo nitaeleza toka mwanzo mpaka mwisho, na nitaeleza pia kwa nini utaratibu uko hivyo, maana ukishaelewa sababu hutahangaika kutafuta njia ya mkato.

Shida yenyewe ni viti. Uwanja unaitwa Cameron Indoor Stadium, ulifunguliwa Januari 1940 na unaingiza watu 9,314 tu. Watani wao wa jadi, chuo kikuu cha North Carolina, wako Chapel Hill, kama kilomita 16 hivi kwa barabara, na uwanja wao unaingiza watu zaidi ya 21,000. Sasa timu ya wanaume ya Duke imebeba ubingwa wa vyuo Marekani mara tano, 1991, 1992, 2001, 2010 na 2015, yote chini ya kocha Mike Krzyzewski aliyekaa pale kuanzia 1980 hadi 2022, kwahiyo we fikiria idadi ya watu wanaozitaka hizo nafasi elfu tisa na ushee. Wanafunzi wa digrii ya kwanza peke yao ni zaidi ya 6,000, masta, PhD, sheria na udaktari ukiwajumlisha wanawazidi hao, bado wafadhili wa chuo, bado wazee wa mjini wenye viti vyao miaka na miaka. Chuo kingeweza kuuza kila kiti kwa mwenye hela nyingi na watu wangenunua. Lakini sehemu ya nafasi, tena zile za chini kabisa unakosikia viatu vya wachezaji vikilia sakafuni, wamewaachia wanafunzi, na mwanafunzi analipia kwa muda wake na usingizi wake.

Kuna njia mbili na msizichanganye, wengi wanakosea hapa.

Njia ya kwanza ni ya wanafunzi wa digrii ya kwanza. Hawa tiketi hawanunui, wanaingia bure ila wanapanga foleni, na kwa mechi ya North Carolina foleni inageuka kijiji kizima cha mahema mbele ya uwanja, kinaitwa Krzyzewskiville, jina la kocha. Kilianza 1986 wanafunzi walipoweka mahema siku kadhaa kabla ya mechi hiyo. Siku hizi mahema yanaanza Januari na watu wanakaa wiki kwa wiki kwenye baridi, hema moja lina watu mpaka 12 wanapokezana, kuna vipindi vitatu, cheusi, cha bluu na cheupe (hayo ni majina tu, sio rangi ya turubai), cheusi ndio kigumu kuliko vyote kwa sababu usiku watu wengi wa hema wanatakiwa kulala pale. Wasimamizi wa foleni ni wanafunzi wenzao, wanapita saa yoyote kuhesabu watu. Krzyzewski mwenyewe alikuwa na desturi ya kuwanunulia piza na kuongea nao kabla ya mechi kubwa. Ukiwa wa masta huko hauko, usije ukanunua hema Januari ukajipeleka.

Njia ya pili ndio yetu, inaitwa Campout, yaani kambi ya wikiendi moja mwezi wa tisa, kama saa 36, Ijumaa jioni mpaka Jumapili asubuhi. Inaendeshwa na kamati ya basketi ya serikali ya wanafunzi wa masta, PhD na shule za taaluma (kama sheria na udaktari), sio ofisi ya tiketi. Hilo lishike kabisa, maana mtu anaenda dirishani kuulizia, anaambiwa hawahusiki, anakata tamaa bure.

Tuanze basi.

Kitu cha kwanza, ukishapata tu imeli ya chuo na kadi ya mwanafunzi, tafuta tangazo la Campout kwa hao serikali ya wanafunzi na ujiunge na orodha ya imeli zao. Usisubiri muhula uchangamke. Usajili unafunguliwa mapema na unafungwa, na ukifungwa umefungwa, hamna cha kumjua mtu. Unajisajili kwa jina lako linalofanana na kadi yako na unalipa ada ya kushiriki. Kama majina yako kwenye pasipoti yamekaa tofauti na mfumo wa chuo (sisi wa majina matatu hii inatukuta sana, jina la babu linageuka ndio surname) nenda karekebishe kabla, siku ya kambi foleni ya mezani ni ndefu na sio mahali pa kuanza kuelezana ukoo.

Kitu cha pili soma kanuni za mwaka huo, zote, usitegemee za mwaka jana ulizosimuliwa na mtu. Cheki (yaani ile kuhesabiwa wakati wa kambi) ngapi unaruhusiwa kukosa, dakika ngapi unapewa kufika mezani, gari la aina gani linaruhusiwa kuingia, pombe inaruhusiwaje, mvua ya radi ikija mnaenda wapi. Hivi vinabadilika.

Alafu tafuta kundi. Unaweza kulala peke yako hukatazwi, ila saa 36 peke yako ni ndefu mno. Watu wanachanga hela wanakodi lori la kuhamia nyumba wanaweka magodoro nyuma, wengine wana hema za kawaida, wengine turubai na viti vya kukunja. Sisi mwaka wa kwanza tulikuwa saba, Watanzania wawili, Mkenya mmoja na wenzetu wa idara, tukanunua hema la bei rahisi, na usiku wa kwanza tu mvua ikapita chini maana tuliliweka bondeni. Weka hema mahali palipoinuka. Septemba ya Durham mchana ni joto la Dar kabisa na unyevunyevu wake, na ndio msimu wa vimbunga vya Atlantiki, kwahiyo leta koti la mvua, maji ya kutosha, dawa ya mbu, soksi za akiba, powabanki mbili na sio moja, na begi la kulalia jepesi. Chakula mchange mpike kabla, pilau inakaa vizuri kuliko vyakula vya mchuzi.

Sasa moyo wa jambo lenyewe, cheki. Ndani ya hizo saa 36 king'ora kinalia bila taarifa, saa nane mchana, saa tisa usiku, saa kumi na moja alfajiri, hujui, na kikilia kila mtu anatoka mbio na kadi yake kwenda mezani kusajiliwa, unahesabiwa wewe na kadi yako, na ukipitwa na muda umekosa hiyo. Nafasi ya kukosa ni finyu, ukizidisha unatolewa kwenye orodha na safari yako imeishia hapo. Mimi mwaka wa kwanza nilikosa ya alfajiri, simu ilizima chaji, nilikuwa nimetegemea alamu badala ya masikio, nikaamka nasikia watu wanarudi wanaongea. Toka hapo sikulala tena mpaka Jumapili. Kwahiyo kwenye kundi pangeni zamu, wawili wawe macho muda wote, na kazi yao iwe moja tu, king'ora kikilia watikise kila hema mpaka miguu ya kila mtu ionekane nje.

Na hapa niseme kitu ambacho kiko moyoni kabisa. Kuna mtu atakwambia mpe mwenzio kadi yako akuchekie wewe ukalale nyumbani. Usifanye. Sio kwa sababu utakamatwa, ingawa unaweza kukamatwa ukaondolewa na kundi lako likapata aibu. Ni kwa sababu foleni hii haina kitu kingine kinachoipa maana zaidi ya ule ukweli kwamba aliyelala mbele yako kwenye lami na wewe mmelipa kitu kilekile. Mtoto wa tajiri na mtu anayeishi kwa posho ya PhD wote saa zao ni 36. Mimi nimekulia kwenye foleni ambazo unafika saa kumi alfajiri unakuta wewe ni mtu wa nane, jua likitoka ghafla umekuwa wa arobaini kwa sababu kuna watu wameitwa pembeni na mlinzi, na najua ile hali ya kusimama huku unajua kabisa kusimama kwako hakuna thamani. Kwahiyo nilipoona mara ya kwanza mwanafunzi wa sheria kabisa, suti ya intavyuu imening'inia kwenye gari, anakimbia peku na kadi mkononi saa tisa usiku sawasawa na mimi, nilifurahi kuliko hata mechi.

Ila tusijidanganye kwamba ni haki kwa kila mtu. Kuna dada mmoja wa kwetu alikuwa na mtoto wa miezi minne, alipenda basketi kuliko sisi wote, anajua mpaka takwimu za wachezaji wa miaka ya tisini, na hakuweza kulala pale, na hakuna zawadi ya mapenzi aliyopata. Mwenzetu mwingine ana zamu ya usiku hospitali. Foleni inapima mapenzi kwa kipimo cha muda, na muda watu hatugawiwi sawa. Ndio maana naona wikiendi moja ni afadhali mara kumi kuliko wiki sita za baridi, na naona kilichokuja baada ya kambi, yaani bahati nasibu, ni cha haki zaidi kuliko watu wanavyolalamika.

Maana ndio hivyo, ukimaliza kambi hujapata tiketi. Umepata haki ya kuingia kwenye bahati nasibu. Waliomaliza ni wengi kuliko nafasi, majina yanachezeshwa kura, wengine wanapata, wengine wanarudi nyumbani na uchovu wao. Mwaka wangu wa kwanza nilikosa. Nilikaa chini pale pale kwenye maegesho nikawa sijui niseme nini. Lakini nilivyofikiria baadaye nikaona kama ingekuwa ni foleni peke yake, wa kwanza kufika wa kwanza kupata, watu wangeanza kulala pale toka Julai, na mwenye maabara, mwenye mtoto, asiye na gari wote wangefutika. Na kama ingekuwa ni bahati nasibu peke yake, watu elfu kadhaa ambao hawajui hata faulo wangeingiza majina wakiwa kitandani, alafu nusu ya viti vinabaki vitupu Desemba. Kambi inachuja wenye nia, kura inawalinda wasimalizane. Wenzetu wa hoki ya barafu kule chuo cha Cornell, wale ambao timu yao ya 1970 ilimaliza msimu na ushindi 29 bila kufungwa wala sare, nao walikuwa na foleni maarufu ya kulala nje kupata tiketi za msimu za Lynah Rink, uwanja wa watu elfu nne na kidogo tu, na mjadala wao ulikuwa huuhuu, je apewe aliyekesha au agawiwe yeyote.

Ukishinda kura, fanya haya harakaharaka. Mshindi hapewi bure, anapata haki ya kununua tiketi ya msimu, kwahiyo hela iwe tayari kwenye akaunti mapema, usianze kusubiri posho ya mwezi, muda wa kulipa una mwisho wake na ukipita nafasi anapewa mwingine. Hifadhi risiti. Tiketi ni yako wewe mwanafunzi, mlangoni unaenda na kadi, kwahiyo usiahidi kumuuzia mtu wa nje mechi ya North Carolina kwa hela ya kodi ya nyumba, soma masharti, na zaidi ya masharti kumbuka waliokesha na wewe wakakosa. Kama una dharura na kanuni zinaruhusu mwenzio wa chuo kuitumia, mpe aliyekosa kura.

Siku ya mechi pia fika mapema, tiketi ya msimu haikupi kiti chenye jina lako, mnasimama, na aliyewahi anasimama mbele. Kula kabla. Vaa bluu iliyokoza, ile nyepesi ya anga ni ya Chapel Hill na watu watakuuliza.

Na uliyekosa kura kama mimi mwaka ule, msimu haujaisha kwako. Timu ya wanawake inacheza kwenye uwanja uleule wa Cameron, sakafu ileile, mwanafunzi anaingia na kadi yake bila kulala nje. Mimi nilienda karibu kila mechi, nikiwa na yule dada na mtoto wake mgongoni.