Wastaafu wawili, sufuria moja: jinsi ya kuanza kupika katika jiko la jamii

Wapendwa, tangu niseme kwamba kila Alhamisi mimi na mume wangu tunapika katika jiko la jamii, wastaafu wenzangu wananiuliza pa kuanzia. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, yeye fundi wa reli. Tulipofika miaka 60 tukaaga kazi, na nyumba ikawa kimya mno. Sasa tunalisha watu 80 hivi nyuma ya kanisa moja hapa Tanga: wazee wasio na mtu, wabeba mizigo wa sokoni, akina mama na watoto wao.

Hatua ya 1. Anzeni kwa kuosha vyombo. Msishike mwiko siku ya kwanza. Wenye jiko wana utaratibu wao, na mkikaa kwenye karo mwezi mmoja mtaujua wote.

Hatua ya 2. Ahidini siku moja tu, muishike. Aliyetembea kutoka mbali akakuta geti limefungwa, huyo analala njaa.

Hatua ya 3. Muoneni bwana afya wa kata mpimwe. Na mkiharisha au kutapika, kaeni nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe.

Hatua ya 4. Makande yenyewe. Kwa watu 80 tunatumia kilo 6 za mahindi ya kukoboa na kilo 3 za maharage. Jumatano jioni tunakaa barazani na ungo, tunachambua mawe na maharage yaliyotobolewa, kisha tunaloweka. Saa hiyo ya ungo naipenda kuliko zote. Mzee wangu hunisimulia mambo ya karakana ambayo miaka yote ya ndoa hakuwahi kuyataja. Asubuhi mwageni maji ya kulowekea, tieni mapya, sufuria ichemke kwa nguvu kabla ya kupunguza kuni. Maharage mekundu yasiyochemka sawasawa huumiza tumbo vibaya. Punje ikibonyea kwa vidole, ndipo kitunguu, nyanya na chumvi. Tui zito ni la mwisho kabisa.

Mwaka wa kwanza tulibakiza nusu sufuria, tukaifunika ya moto hadi asubuhi. Nilipofunua nilikuta mapovu, na harufu ya kuchacha ikanijaa puani. Tulimwaga chote, machozi yakanitoka. Tangu hapo chakula kilichoiva hakikai nje zaidi ya saa mbili.

Hatua ya 5. Pakueni mkimtazama mtu usoni. Shikamoo kwa mkubwa, jina kwa mnayemjua, na msimhoji kwa nini hana. Kuna mzee huja na kopo la mafuta lililooshwa likang'aa. Alikuwa anakula nusu, nusu anamfichia mjukuu. Siku hizi nampakulia mjukuu fungu lake kabla babu hajakaa, ili naye amalize sahani yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mama yangu ana presha na magoti yanamsumbua. Atafaa?
Jibu: Marahaba mwanangu. Atafaa sana. Mwekeeni kiti mbali na moshi, amenye vitunguu. Kuinjika na kuepua masufuria ni kazi ya vijana. Hata mume wangu nimemkataza.

Swali: Dada, mume wangu anasema jikoni ni kwa wanawake.
Jibu: Muulize, mdogo wangu, pilau ya harusi huku pwani anaipika nani. Kwenye shughuli wanaume ndio husimama kwenye masufuria makubwa. Wangu alikuja kurekebisha mafiga yaliyolegea. Wiki ya tatu nikamkuta anaonja chumvi.

Swali: Sisi tuko Leicester, Uingereza. Tuanzie wapi?
Jibu: Majiko mengi ya huko hupenda muwe na cheti cha usafi wa chakula, ni kozi fupi. Kisha nendeni gurdwara, hekalu la Masingasinga, mkaone langar: yeyote anaketi na kula bure, na wapishi ni watu wa kujitolea. Ombeni kumenya viazi nao. Kupikia umati mtakujua hapo.

Swali: Pensheni yetu ni ndogo, mwalimu. Tuchangie nini?
Jibu: Sisi pesa hatutoi. Tunatoa Alhamisi yetu, na nazi 6 za mnazi wa uani.