Maji chini ya gari lenye kiyoyozi
Mvua za Novemba zinapoanza hapa Lubumbashi na hewa kujaa unyevu, ukiegesha gari ukaona maji yakidondoka chini yake, usiharakishe kumlipa fundi, kwa kuwa mara nyingi ni unyevu uliogeuka matone kwenye sehemu baridi ya kiyoyozi. Yaguse kwa kidole, usiyaonje: yakiwa maangavu, bila harufu wala utelezi, ni salama, yakiwa na rangi na utelezi, huenda ni maji ya rejeta. Ninalosisitiza zaidi ni zulia la miguuni pa abiria wa mbele: likilowa huku chini ya gari pakiwa pakavu, yaelekea mrija wa kutolea maji umezibwa na majani au vumbi letu jekundu, nao huzibuliwa taratibu kwa hewa ya pampu, kamwe si kwa waya mkali.